Maili Moja ya Matofali

Lumir Vlasak amepiga magoti kama muumini,
ila mbele yake hakuna altare, kuna tofali
lililolika mgongo kwa karne ya magurudumu.
Analing'oa kwa mtaimbo, analipuliza mchanga,
analigeuza.
Upande wa chini haujawahi kuona jua:
mwekundu, pembe zake zote nne zipo,
na jina la kiwanda kilichokufa kabla sijazaliwa
limesimama wazi kama limegongwa jana.
"Unaona," ananiambia, "barabara haizeeki.
Inachoka upande mmoja tu."

Hapa ni Nebraska, mwezi wa nane. Mahindi
yametuzunguka kimya kama watu waliokuja kusikiliza kesi.
Na kesi ilikuwepo. Machi, ukumbi wa kaunti,
mhandisi akatandaza michoro: lami, inchi nne,
wiki mbili, kazi kwisha.
Mkulima mmoja akasimama, kofia mkononi,
akasema trela lake hutetemeka hapo hadi nafaka inamwagika,
na kumbukumbu hazilishi ng'ombe.
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kura zilikuwa tatu kwa mbili.
Ya tatu ilikuwa ya Bi Arlys Petska, na hakuhutubu.
Alisema tu kwamba ndipo alipojifunzia gari,
akagonga nguzo ya sanduku la barua la jirani,
na nguzo ile bado imeinama.

Tukapewa maili moja,
kwa sharti: mchanga wetu, migongo yetu.

Zamani hii ndiyo ilikuwa njia, hakuna nyingine.
Watu walitoka bahari moja kwenda bahari ya pili
na godoro juu ya paa, na mbuzi, na bibi kizee wa kiti cha nyuma
aliyeuliza kila mji kama ndio wenyewe.
Bibi yangu aliwauzia maji ya rejeta na mayai ya kuchemsha.
Halafu ikaja ile kubwa, kule kusini, njia nne,
nasi tukaacha mbachao kwa msala upitao.
Sasa malori yananguruma huko usiku kucha;
mtu anavuka jimbo zima
asione uso hata mmoja ila wa kwenye kioo chake.

Saa kumi jioni Lumir anang'oa tofali jingine,
analigeuza,
ananyamaza.
Limelika huku pia.
Kuna mtu alishatutangulia:
alipiga magoti papa hapa, mwaka usioandikwa popote,
akafanya hesabu yetu hii hii, akaondoka zake.
Namtazama mzee. Nangoja aniambie lile neno la kuchoka.
Analipima mkononi kama mama apimaye mkate,
analizungusha mara moja, mara mbili.
"Bado lina ubavu," anasema,
na analisimamisha shimoni kwa upande wake mwembamba.
Pengo linabaki. Analijaza kwa kipande kilichovunjika.

Jua linapopungua makali natoa Studebaker ya mama,
ya kijani, mlango wa kulia haufunguki ila kwa nje.
Maili ishirini kwa saa, si zaidi.
Matofali yanaongea chini yetu,
turururu, turururu,
meno yanagongana, boksi la misumari linahama kiti,
treni ya makaa ya mawe inatupita, mabehewa mia na kitu,
wala haituoni.
Lumir amefumba macho. Anasikiliza kwa makalio.
"Hapo," anasema. "La sita kutoka ukingoni, linacheza."
Naandika kwenye bahasha ya bili ya umeme.

Kisha tunafika pale penye ubavu.
Sauti inakatika, inaruka,
tuk,
moja tu, ngumu, si ya wimbo ule,
na mzee, macho bado yamefumbwa,
anainua kidole kama mtu aliyeitwa jina.

"Rudi nyuma," anasema.
"Pita tena."