Saini ya Mkono wa Kushoto

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya saiti,
ncha ngumu, saruji bado imeganda kwenye kamba.
Mama Sechelela akavitazama, hakusema,
akanyosha kidole ukutani: VIATU VINABAKI NJE.
Nikaingia pekupeku kwenye sakafu iliyopigwa deki,
kijana wa Nkuhungu, futi sita na ushee,
na watoto kumi na wawili wakanyamaza
kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe.

Mmoja akaanza kulia. Kisha wote.

"Kaa chini," akaniambia. "Umezidi urefu.
Kaa mpaka wakuzoee kama kabati."
Nikakaa. Wiki nzima nilikuwa kabati.
Walinipanda. Walinichungulia masikio.
Nyemo alihifadhi maganda ya karanga
kwenye mfuko wa shati langu,
na kila asubuhi alikuja kuyakagua.

Nimejenga kuta za ofisi kule Mtumba.
Najua ndoo ngapi za mchanga kwa mfuko wa saruji,
maji kiasi gani, lini uiache ishike.
Hapa vipimo ni vingine:
uji wa uwele, usiwe mzito, usiwe maji,
upoe mpaka ukiudondosha kwenye kiwiko
ngozi isijue kama kuna kitu.
Hesabu vichwa getini. Hesabu baada ya uji.
Hesabu mkitoka chooni. Hesabu tena, bila sababu.
"Sababu ipo," anasema Mama Sechelela.
"Siku utakayoijua, utakuwa umechelewa."

Nina daftari la uanagenzi, lina visanduku.
Kunawisha mikono: tiki.
Kubadilisha nepi: tiki, baada ya mara tatu
ambazo sitazisimulia.
Kumtuliza mtoto anayelia: kitupu tangu Machi,
kwa sababu ya Mwaja.

Mama yake anafagia barabara tangu alfajiri.
Anamfikisha getini, anageuka upesi
(nilidhani ni ukali, ule ugeukaji;
siku moja nikamwona akipangusa macho nyuma ya simtanki).
Na Mwaja hulia kama upepo wetu wa Agosti,
usioleta mvua, usio na mwisho,
unaokuachia mchanga kwenye meno.
Nilijaribu njuga. Nilijaribu kuimba.
Nilijaribu kuwa mbuzi.
"Unataka anyamaze," akauliza Mama Sechelela,
"au unataka atulie?"
Nikaona haya, maana nilitaka anyamaze.

Jana nilimwomba mama yake kanga.
"Basi nikaifue kwanza," akasema.
Nikamwambia, usiifue.

Leo ikaja na vumbi lake, jasho lake,
moshi wa kuni wa jana usiku.
Mwaja akajifunika gubigubi, akalia humo ndani kidogo,
kama mtu anayemalizia hesabu zake mwenyewe,
akakikamata kidole gumba changu cha kulia,
akalala.

Ndipo akaingia mkaguzi, kalamu mkononi.
"Mwanagenzi anafanya nini pale?"
Kweli, sikuwa nafanya kitu.
Mguu ulikuwa umekufa ganzi,
inzi ameketi sikioni mwangu kama yuko kwake.
"Anafanya kazi," akajibu Mama Sechelela,
akaendelea kukunja nepi.

Mkaguzi akachuchumaa, akasoma, akaweka tiki,
akaliweka daftari kwenye goti langu: saini hapa.
Lakini kidole gumba kilikuwa cha mtu.
Nikasaini kwa mkono wa kushoto, Ndahani,
herufi zimelalia huku na huku
kama tofali zangu za mwaka ule wa kwanza,
zile fundi alizoziangusha kwa teke moja.

Hizi hakuna aliyeziangusha.

Nje upepo ukatikisa bati.
Nikahesabu: kumi na mmoja mikekani,
na huyu.