Bwana Karatasi

Babu wa babu yangu, Semkiwa,
hakubeba pembe, hakubeba bunduki.
Alibeba karatasi:
furushi la magazeti makuukuu
kutoka Tanga mjini hadi juu Magoroto,
mvua ya vuli ikimtiririka shingoni.

Mwenye magazeti ni Profesa Thirkell.
Ndimi za Kibondei zilimshindwa,
zikampa jina jingine: Bwana Karatasi.
Miaka thelathini na mmoja amefundisha mimea
kwenye chumba cha jiko la makaa na madirisha yasiyofunguka,
mimea ya milima hii, nasema, hii hii,
aliyoletewa imekufa, bapa, imeshonwa kwa uzi.
Idadi ya vinyweleo vya jani aliijua.
Harufu, hapana.

Usiku ni kukausha.
Jani, gazeti, jani, gazeti,
ubao juu, jiwe juu ya ubao,
na moto wa kuni mbichi unaoliza watu wote.
Semkiwa alipata herufi zake Magila, kwa mapadre.
Akigeuza karatasi, anasoma neno, anaruka mawili:
farasi wa kijivu anauzwa, hana kilema, bei yake
na hapo doa la utomvu, basi.

Siku ya tisa, kwenye mwamba unaotoka jasho,
Profesa alichutama ghafla.
"Hiki kipya! Hakuna aliyekiandika."
Ua la zambarau, dogo kama kifungo cha kanzu,
jicho la njano katikati,
majani yenye manyoya kama sikio la panya.
Mnyamisi mpishi alikuwa anateka maji.
Akatazama. Akatua mtungi.
"Si lile la kitabuni mwako, Bwana?
Lile kavu ulilotuonyesha juzi?
Jani ndilo hilo."

Akafungua kitabu chake mwenyewe, ukurasa wa mia mbili na tatu.
Akahesabu vinyweleo. Akahesabu tena.
Kisha akaketi kijitoni na viatu vyake.
Vijana wangapi waliandika alichowaambia,
wakaenda kuwaambia wengine:
*ua, bila shaka, ni jeupe.*
Alitoa penseli, akailamba ncha.
Hakukata "jeupe" kwanza.
Alikata "bila shaka".

Usiku ule Semkiwa alithubutu.
"Bwana, yule farasi. Aliuzwa kiasi gani?"
Mzee akaisogeza karatasi kwenye moto,
akaligeuza doa huku, akaligeuza kule,
akakohoa.
"Sijui," alisema.
Safari nzima hajapata kulisema neno hilo.
Akalirudia polepole, kama mtu anayeonja ukwaju,
"Sijui," na akacheka mpaka Mnyamisi akaamka
kuuliza kama Bwana amepandwa na homa.

Karatasi ile tunayo bado, ndani ya kopo la biskuti.
Wadogo zangu hubishana kuhusu bei.