Mabaki Yapimwe

Saa mbili asubuhi, Kadutu,
chumba cha nyuma cha zahanati, dirisha moja, ziwa chini kabisa.
Kazi yangu ni mizani.
Napima bugali, napima sombe,
napima sambaza mmoja mmoja
kama mnunuzi wa dhahabu asiyemwamini mchimbaji.

Kwanza karatasi.
Mstari wa sentimeta kumi kamili:
kushoto, sina njaa hata kidogo;
kulia, njaa imenizidi.
"Weka alama, mama, pale unapojisikia."
Mama Cibalonza, mbeba mizigo wa Muhanzi,
ameshika biki kama kaa la moto.
"Njaa ya saa hii," anauliza, "au njaa yangu?"

Daktari Cirhuza anacheka, halafu anaacha kucheka.

Alama inaangukia kushoto, karibu na mwisho.
Tangu jana saa kumi hajatia kitu kinywani,
alfajiri amepanda kilima na magunia mawili ya unga wa watu,
na hana njaa.

Tunatoa damu, mrija wa kwanza.
Daktari ananieleza kama mtu anayemsengenya jirani:
tumboni mna tarishi.
Hupanda na damu hadi ubongoni, hugonga,
husema, wakati umefika, leteni.
Lakini tarishi si mjinga.
Akigonga siku nyingi mlango usiofunguliwa
hujifunza saa za wenye nyumba.
Kwa mama huyu hufunguliwa saa kumi, mwenye mzigo akishalipa.
Asubuhi hii amelala.

"Na yule wa pili, wa kwenye mafuta,
asemaye imetosha?"
"Huyo kwake ananong'ona tu.
Mafuta yenyewe umeyaona wapi?"

Sahani inafika. Anakula polepole, kama mgeni ukweni.
Nusu ya bugali. Sombe kidogo.
Sambaza hakuwagusa.
Anafungua pindo la kitenge, anatoa kimfuko:
"Hawa wa Nshobole. Ana miaka sita,
mlango wake haufungwi."

Sheria iko ukutani, herufi kubwa:
MABAKI YAPIMWE, YATUPWE.

Nikapima. Gramu mia mbili na kumi na mbili.
Nikapima tena, maana mkono ulitetemeka,
au mizani.
Ndoo iko pale, kando ya mlango.
Daktari alikuwa amegeukia dirisha,
akilitazama ziwa kwa muda mrefu
kama aliyeingia Bukavu jana.
Safu ya mwisho yauliza: yametupwa?
Niliandika ndiyo. Mwandiko wangu mbaya, wote wanajua.

Saa kumi kasoro robo, mrija wa mwisho, karatasi ya mwisho.
Tumbo lake lilinguruma hadi mimi nikasikia,
tukacheka sote watatu.
Alama ikaenda kulia, ikagusa ukingo.
Tarishi alikuwa amefika, tena mapema.

Kimfuko kilikuwa magotini pake,
mafuta ya sambaza yakitokeza madoa kwenye kitenge.
Akakaza fundo,
akauliza kama kesho arudi.

Nikazima mizani.