Bega la Kushoto

Nkwimba hakuwa na sanamu la kushonea.
Alikuwa na mimi.
"Simama, Kwandu, usipumue," pini mdomoni,
chumba kimoja Mabatini, jiwe limechungulia ukutani
kwa kuwa fundi alishindwa kulipasua, akalijengea.

Gauni la kwanza: magamba ya sangara.
Nilimwokotea Mwaloni, debe tatu,
tukayaosha kwa sabuni ya unga na ndimu
mpaka vidole vikachubuka,
na bado yalinuka.
Alipita nalo Mtaa wa Rufiji, hasemi, haombi,
taratibu, kama bibi harusi aliyekosea kanisa.
Paka tisa walimfuata. Niliwahesabu.
Mama mmoja akamziba mwanawe macho,
kisha akachungulia mwenyewe.

La pili, kokoro
lililonusurika moto wa maofisa.
Akajiviringisha ndani yake pale kivuko cha Kamanga,
abiria wakamruka kama gunia.
Askari: "Kibali kiko wapi?"
Sauti toka nyavuni: "Muulize sangara,
yeye ndiye aliyenitangulia humu."
Alilala mahabusu siku mbili. Nilimpelekea uji.

La tatu, gugumaji.
Ah, hilo.
Asubuhi sketi imejaa, maua ya zambarau kiunoni;
akasimama juu ya mawe ya Luchelele
tangu saa mbili hadi ziwa lilipogeuka rangi,
gauni likisinyaa, likikaza, likikatika,
akabaki na ukosi na kaptura ya kaka yake.
Tulikuwa watu kumi na mmoja.
Siku hizi nasikia mji mzima ulikuwepo.

Baba yake alinung'unika: nilimlipia ufundi
ashone sare za shule.
Na alizishona! Kodi ililipwa na nini?
Sketi za bluu, marinda kumi na sita,
usiku, kwa tochi ya simu.

Halafu barua. Viza. Ndege.
Gauni la magamba sasa liko ndani ya kioo
katika mji nisioweza kuutamka bila kutema mate.
Wamelisafisha kwa dawa. Halinuki.
Alinitumia picha, akanitafsiria maandishi ya chini:
*bega la kushoto limeshushwa makusudi,
ishara ya mzigo wa bara zima.*

Nilicheka hadi nikakaa chini.
Bega langu hilo.
Miaka kumi na minne ya ndoo za dagaa
mkono wa kushoto,
kwa sababu wa kulia ulikuwa na mtoto.
Bara zima halikuwahi kunisaidia hata kupanda ngazi.

Amerudi Juni, mvi mbili tatu kwenye paji.
Habari za kioo hakuzigusa.
Alitandaza karatasi ya kaki sakafuni,
akatia pini mdomoni.
"Simama."
Nikasimama. Nikapumua, makusudi.
Futi ikatambaa shingoni, ikateremka kulia, ikasita.
"Na hili limeanza," akasema,
akaandika.