Kozi ya Kumi na Tano

Ukuta wa magharibi hauna plasta.
Mvua ya Tukuyu inaupiga ubavuni
miezi tisa, bila salamu,
na mdogo wangu Subilaga amekuja na gunia bichi
la vipandikizi: "Dada, uvishe ukuta wako.
Unaaibisha barabara."

Tukavimwaga barazani, tukavichambua kama mchele.

Hiki kwanza, kutoka bustani ya misheni:
majani madogo, kila kifundo kina vidole.
Kinashika tofali lenyewe, hakidai kamba,
na kwa miaka mitatu nyumba nzima inakuwa kijani
hadi madirisha yanachungulia
kama macho ya paka ndani ya mahindi.
Nilikipenda. Nikakiweka kando ya goti langu.
Kisha nikakirudisha.

Subi hajui. Fundi Ambokile anajua:
hadi kozi ya kumi na nne ni saruji,
mchanga wa Kiwira, moja kwa nne.
Ya kumi na tano kwenda juu ni udongo mtupu.
Mwaka ule mifuko kumi na mmoja ya saruji
ilipanda gari kwenda Igogwe,
ikawa kitanda, ikawa dripu, ikawa damu,
ikawa siku ishirini na mbili za Gwamaka.
Naye kutoka kwenye mto akauliza:
"Mmefika lenta?"
Nikasema tumefika.
Usiku ule Ambokile akakanyaga tope kwa miguu
ili uongo wangu usilale nje.

Kwa hiyo mmea wenye vidole, hapana.
Vidole hupekua.
Vitakuta pale tulipoishiwa.

Bogenvila? Inataka jua,
na jua la hapa huja kama mwenye deni lake:
ghafla, na haliketi.
Boga litapanda, ndiyo, lakini ukija mwezi wa sita
limekufa, limeacha kamba kavu zinaning'inia
kama nguo za mtu aliyehama.
Waridi la kutambaa alilitaka binti yangu Tumpe,
aliliona Uyole nyumbani kwa bwana shamba mmoja.
Nikamwambia waridi ni la wenye muda wa kuchomwa.
Akacheka, halafu akanyamaza.

Ikabaki pasheni.
Haina vidole, ina vikono vinavyojisokota;
inataka waya, inataka mwanzi,
ukuta haina haja nao.
Tukachimba mashimo mbali kidogo na msingi,
kiwiko hadi ncha ya kidole,
upepo upite, tofali likauke,
mjusi naye awe na njia yake.
Subi akataka tusogeze karibu, ifunike vizuri.
Sikubishana.
Nikampimia tena. Kiwiko. Kidole.

Sasa ni msimu wa pili.
Maua yake ni kama saa zilizotegwa ovyo,
kila moja inasoma wakati wake.
Matunda tunauza stendi, matano kwa elfu,
na Tumpe anasema ukuta umependeza.
Kweli umependeza.

Ila kuna mahali, usawa wa kidevu changu,
ambapo kila Jumamosi napita na mkasi.
Majani yakifika hapo nayaongoza kushoto,
nayaongoza kulia. Wapita njia hudhani
ni dirisha linalosubiri fremu.
Ni kozi mbili tu nimeziacha wazi:
chini kiungo cha kijivu,
juu kiungo chekundu,
na kati yao mstari mwembamba
ambao mvua bado haijaula.

Naweka mkasi mfukoni.
Naweka kidole pale
na kusema, polepole, kama mtu anayesahihisha hesabu:
hapana, baba Tumpe.
Siku ile hatukuwa tumefika.