Fimbo ya Ndani ya Tangi

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.
Aliyesema hivyo hakuwahi kuamkia Winnipeg,
Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
akasimama mtupu ndani ya hodhi la mama yake,
mkono mmoja chini ya bomba,
akingoja maji yaache kuwa wembe.

Nikavaa. Nikashuka chumba cha chini.
Sakafu imelowa hadi kwenye maboksi ya Krismasi,
na hita, lile jitu jeupe la pembeni,
linatokwa na maji upande mmoja tu,
kama baba miezi yake ya mwisho.

"Limekufa?" mama, juu ya ngazi.
"Bado. Ila haliponi."
"Mwite Desjarlais. Siyo yule wa kwenye gazeti."

Desjarlais akafika saa sita mchana,
barafu kwenye masharubu, mifuko ya plastiki juu ya viatu,
akauliza mgonjwa yuko wapi.
Akafunga gesi. Kimoto cha buluu
kilichokesha miaka kumi na tisa
kikazimika bila hata kukohoa.

Vali ya chini ikagoma.
Akaingiza waya, akachokonoa,
akatukana kwa Kifaransa, akaomba radhi kwa Kiingereza;
mama akamsamehe kwa Kiukreni
na kwa kahawa.
Ndipo yakaja: maji ya rangi ya chai,
kisha chokaa, chengachenga kama maganda ya mayai,
ndoo ya kwanza, ya pili, ya tano.
Kuoga kwetu kote kulikuwa kumeacha haya.

Tulipolitenga tangi na ukuta
nikaona maandishi ya makapeni mgongoni mwake.
Oktoba 2006, nimetoa mashapo. Orest.
Oktoba 2007. Orest.
2008, vali inavuja kidogo, nimeikaza. Orest.
Mwaka baada ya mwaka, herufi zimesimama wima kama uzio,
hadi 2021, zilipolala chali:
mkono wa kushoto, baada ya kiharusi.
Na chini yake mwandiko mwingine, mdogo, wa penseli.
Oktoba 2022. Nimejaribu. Haifunguki. Nisamehe.
Hakuna jina.

Mama, anayeapa kwamba ngazi zile
hajazishuka tangu mazishi.

Sikumwuliza. Nilikwenda kushika toroli.

Kabla ya kulitoa, Desjarlais akafungua nati ya juu
kwa spana ndefu kama mguu wangu,
udadisi tu, alisema,
akavuta fimbo ya magnesi.
Ilipaswa kuwa nene kama kidole gumba.
Ilikuwa waya, na vipande vimeng'ang'ania,
mfupa wa samaki aliyekwisha kuliwa.
"Hii kazi yake ni kuliwa," akasema.
"Kutu ikija na njaa, inaanza na hii.
Hii ikiisha, ndipo inageukia tangi."
Mama, ambaye sasa alikuwa ngazi ya tatu kutoka chini,
akaitazama muda mrefu.
"Na watu hawaibadilishi?"
"Watu hawajui kama imo."

Jipya likaingia likinuka kiwanda.
Akalehemu shaba, akaunga dohani,
akaweka pimamaji juu: povu lake dogo
likahangaika, likatafuta katikati, likatulia.
Dola elfu mbili na mia tatu, pamoja na kulizika la zamani.
Nilimwomba aniachie ile fimbo. Akainua mabega.

Alipoondoka mama akatoa makapeni mfukoni mwa aproni.
Ilikuwa humo tangu asubuhi.
"Andika wewe. Mimi mwandiko wangu umechoka."
Nikaandika mwezi na mwaka, limewekwa jipya,
kisha nikakwama kwenye jina,
kalamu ikivujisha nukta nyeusi, ikikua,
kwa sababu Oktoba mimi nitakuwa Toronto
na sote wawili tunajua.

Juu, bomba likapiga chafya, likatema hewa.
Mama akaenda kuoga wa kwanza.
Nikakaa ukumbini, mgongo kwenye mlango wa bafu,
fimbo mapajani, mvuke ukipita chini ya mlango
hadi kwenye soksi zangu.
"Lesia," akaita, sauti imelainika kwa joto,
"vali ile mpya, inafunguka kuelekea upande gani?"