Kushoto, Kulia

Chumba kile cha Bombo kina feni isiyozunguka,
viti viwili, dirisha linalotazama ua wa kuanikia mashuka.
Bi Mntambo hana dawa mezani. Ana kalamu ya buluu
iliyotafunwa kifuniko.

"Toka sifuri hadi kumi, Mhina, inauma kiasi gani?"
Nikamjibu kumi na tatu.
Hakucheka. Akaandika.

Kabla yake nimeshakunywa kombe, nimeshachanjwa,
nimefukizwa ubani mpaka macho yakawa mekundu,
shangazi akimuuliza pepo anataka nini.
Hakutaka kitu. Alitaka tu nione tena:
korona ya mkonge, saa mbili kasorobo asubuhi,
mkono wa Semkiwa ukilifuata jani
ndani,
na mimi ndiye niliyewasha.

Tangu hapo mashine ya kusaga ya Ngamiani ikinguruma
natupa debe la mahindi, natimka.
Watoto wameniita Mhina Mbio.

"Kichwa kitulie. Macho tu yafuate."
Kushoto. Kulia. Kushoto.
Nikajiona mtazamaji wa Mkwakwani
aliyekata tiketi ya mpira usio na wachezaji.
"Unaona nini?"
Mkono.
"Nenda nao."
Kulia. Kushoto. Kulia.
Harufu ya maji ya mkonge, ule ukakasi wa kijani.
"Nenda nayo."
Kushoto,
kulia,
na nilipofika kulia nikalia.
Lugha yetu ilishajua, neno ni lile lile:
upande, na chozi, na mkono wa kulia chakula
ambao Semkiwa hana.

Wiki ya sita likaja nililolisahau:
kabla ya swichi alikuwa akinisimulia beberu wake
aliyekula kadi ya mwaliko wa harusi,
kisha akanipungia, "Washa, bwana, jua linapanda!"
Alisema washa.
Miaka mitatu sikuisikia sauti hiyo,
kelele iliyofuata ilikuwa imeikalia.

Sisemi nimepona. Nimesema nne.
Siku nyingine sita, mvua ikinyesha.
Mashine ya Ngamiani bado inanguruma;
nasimama foleni, debe nalishika kwa mikono miwili,
jasho naliacha lishuke.

Jumapili nikaenda Pongwe. Nikapiga hodi.
Akatoka, akanipa wa kushoto,
nikaupokea kwa wangu wa kushoto.
"Umechelewa," akasema. "Beberu tulishamla."